Kupima uoto na kaboni kwenye vichaka vya sejibrashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa wanafunzi wa ikolojia, maafisa wa nyanda za malisho, na yeyote anayesikia habari za kaboni ya nchi kavu akajiuliza namba zile zinatoka wapi. Mfano utakaojirudia ni bonde la Reynolds Creek, kusini magharibi mwa jimbo la Idaho, Marekani. Idara ya Kilimo ya nchi hiyo ilianza utafiti wa maji pale mwaka 1960, na baadaye ikasimamishwa minara ya kupima hewa ukaa katikati ya vichaka.

Sejibrashi ni mmea gani, na uko wapi?

Ni kichaka cha jamii ya artemisia. Jina lake la kisayansi ni Artemisia tridentata. Majani yake ni madogo, ya kijivu, yamejaa vinyweleo, na ncha ya kila jani imechongoka meno matatu. Ukifikicha jani moja vidoleni, harufu yake kali haikutoki haraka. Ni ndugu wa ile artemisia inayolimwa Kenya na Tanzania kwa ajili ya dawa ya malaria, ila hii ina shina gumu la mti, huishi miongo mingi, na mizizi yake huweza kushuka mita 2 na zaidi.

Makazi yake ni nchi kavu yenye baridi: Nevada, Idaho kusini, Wyoming, Utah, Oregon mashariki. Sehemu kubwa ya maji huja wakati wa baridi, mara nyingi kama theluji, kisha kiangazi kinakauka kabisa. Reynolds Creek inafaa kwa utafiti kwa sababu ndani ya bonde moja unapanda kutoka sehemu inayopata mvua ya kama milimita 230 kwa mwaka hadi vilele vinavyopata zaidi ya milimita 1,100. Aina za sejibrashi nazo hubadilika kadiri unavyopanda.

Kwa nini mpime vyote viwili? Uoto ukiwa mwingi, si kaboni nayo ni nyingi?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalolisikia kuliko yote. Kipimo cha uoto kinakuambia asilimia ngapi ya ardhi imefunikwa na mmea gani siku ile ulipopita. Kipimo cha ubadilishanaji wa kaboni kinakuambia hewa ukaa kiasi gani imeingia au kutoka kwenye mita moja ya mraba kwa sekunde, saa au mwaka. Eneo linaweza kuwa la kijani kabisa mwezi wa Aprili kwa sababu ya nyasi za msimu, na hesabu ya mwaka ikafungwa likiwa limetoa kaboni kuliko lilivyopokea. Lingine linaonekana kijivu na limechoka, kumbe udongo wake umebeba akiba ya karne nyingi.

Akikuletea mtu ramani ya uoto akaiita ramani ya kaboni, mwulize kaboni aliipimia wapi.

Uoto unapimwaje ukiwa shambani?

Njia inayotumika zaidi Marekani, na inayotumiwa na ofisi ya shirikisho inayosimamia ardhi ya umma (BLM), ni ya kuhesabu nuktanukta kwenye mstari. Kutoka katikati ya eneo unavuta tepu tatu za mita 25, kila moja upande wake, pembe kati yake zikiwa sawa. Kila nusu mita unashusha pini nyembamba ya chuma, wima, kisha unaandika kila inachogusa kutoka juu kwenda chini: jani la sejibrashi, nyasi iliyo chini yake, na mwisho uso wa ardhi, iwe ni jiwe, udongo mtupu, majani yaliyoanguka au ngozi ya udongo (utando hai unaofunika uso wa ardhi). Nuktanukta 50 kwa tepu, 150 kwa eneo zima.

Maelezo ni rahisi, mkono ndio wenye tabu. Pini haitakiwi kuongozwa na jicho. Ukiitazama ncha inavyoshuka, mkono wenyewe unaisogeza kidogo kuelekea kwenye jani, kwa sababu kugusa kitu kunaonekana ni "kupata" na kukosa kunaonekana ni hasara. Upepo nao unayumbisha tawi. Subiri litulie, usilishike. Na tepu ivutwe ikaze, ipite katikati ya kichaka penye shina, isizungushwe pembeni kwa kuogopa matawi makavu. Tepu iliyokwepa vichaka itakupa asilimia ndogo kuliko ukweli, na hakuna hesabu ya kompyuta itakayorekebisha.

Tuchukue mfano. Katika nukta 150, pini imegusa sejibrashi mara 33. Hiyo ni asilimia 22. Kosa la sampuli, hata tukijifanya kila nukta inajitegemea, ni kama asilimia 3.4, hivyo jibu la kweli linaweza kuwa popote kati ya 15 na 29. Mwaka unaofuata ukipata 25, usiandike ripoti kwamba vichaka vimeongezeka. Hujui bado. Ongeza maeneo, usiongeze sifa.

Mbona jumla yetu imezidi asilimia 100?

Kwa sababu tabaka zinapishana. Nyasi iliyoota chini ya kichaka inahesabiwa, na kichaka kinahesabiwa. Ukitaka jumla isiyozidi 100, tumia mguso wa kwanza peke yake. Amua mapema unataka ipi, na uiandike kwenye fomu.

Kuna jambo jingine linaloleta ugomvi wa bure kati ya wapimaji. Taji la sejibrashi, yaani matawi na majani yake ya juu, lina mianya mingi ndani yake. Anayepima mstari wa taji toka ukingo hadi ukingo, akiruka mianya, atapata asilimia kubwa kuliko anayeshusha pini, kwenye kichaka kilekile siku ileile. Wote wawili wako sahihi. Wasichorwe tu kwenye grafu moja kama vile wamepima kitu kimoja. Hili lina uzito kwa sababu miongozo ya makazi ya ndege anayeitwa Centrocercus urophasianus, anayetegemea sejibrashi kwa chakula na maficho, inataja taji la asilimia 15 hadi 25 wakati wa kuzaliana. Kubadilisha njia ya kupima tu kunaweza kulitoa eneo ndani ya kiwango hicho.

Setilaiti haiwezi kufanya kazi yote hii?

Inafanya sehemu kubwa, na kwa nchi pana vile hakuna namna nyingine. Picha za Landsat zenye pikseli ya mita 30 zipo tangu miaka ya 1980, na bidhaa kama RCMAP ya taasisi ya jiolojia ya Marekani (USGS) hutoa kwa kila mwaka makadirio ya asilimia ya sejibrashi, nyasi za msimu na udongo mtupu. Bila nukta zilizopimwa ardhini za kuifundishia, programu hiyo isingejua lolote.

Tatizo ni rangi. Kipimo maarufu cha ukijani, NDVI, hulinganisha mwanga mwekundu na ule wa infraredi ya karibu. Msituni kinafanya vizuri. Kwenye sejibrashi ya asilimia 20, sehemu kubwa ya kile setilaiti inachokiona ni udongo, mawe na nyasi zilizokufa, na hata hiyo asilimia 20 yenyewe ni ya kijivu. Mwaka 1988 mtafiti Huete alipendekeza kipimo kinachopunguza athari ya udongo, SAVI, kwa kuingiza namba ya kurekebisha ambayo kwa kawaida ni 0.5. Inasaidia, haiponyi.

Dawa bora ni tarehe. Nyasi vamizi ya Bromus tectorum, iliyotoka Ulaya na Asia, huchipua mapema, hukomaa, kisha hukauka kabla sejibrashi na nyasi za kudumu hazijamaliza msimu. Chukua picha ya mapema masika, baridi inapoisha, na nyingine ya katikati ya kiangazi: kilichokuwa kijani kwenye ya kwanza na kimekuwa cha manjano makavu kwenye ya pili, kuna uwezekano mkubwa ni huyo mvamizi. Sejibrashi huangusha baadhi ya majani kiangazi lakini haiachi kabisa kuwa na majani, hata theluji ikiwepo.

Na droni?

Nzuri kwa kuziba pengo kati ya pini na setilaiti. Picha zinazopishana hutengeneza umbo la pande tatu, unapata urefu na upana wa kila kichaka, na kutoka hapo unakadiria uzito wake kwa milinganyo iliyotengenezwa kwa kukata vichaka, kuvikausha na kuvipima. Nyasi fupi zinapotea kwenye umbo hilo. Rusha saa za katikati ya mchana vivuli vikiwa vifupi, na upepo ukizidi, acha.

Mnara unapimaje kaboni?

Juu ya mnara mfupi, mita chache tu kutoka ardhini, kuna vyombo viwili vilivyokaribiana sana. Kimoja hupima upepo kwa mawimbi ya sauti, ikiwa ni pamoja na ule unaopanda na kushuka. Kingine hupima hewa ukaa na mvuke wa maji kwa mwanga wa infraredi. Vyote husoma mara 10 au 20 kwa sekunde. Hewa juu ya vichaka haitulii. Ni mapovu makubwa na madogo yanayozunguka. Mchana wa masika, povu linaloshuka limebeba hewa ukaa zaidi kidogo kuliko linalopanda, kwa sababu majani yameshakula sehemu. Mnara unafanya kazi ya bawabu anayeandika kila anayeingia na mzigo wake na kila anayetoka na mzigo wake, na jioni anatoa tofauti.

Ukisoma mara 10 kwa sekunde, nusu saa moja ina masomo 18,000, na yote hayo yanaishia kuwa namba moja. Mwaka una nusu saa 17,520. Kipimo huandikwa kwa mikromoli za hewa ukaa kwa mita ya mraba kwa sekunde. Ili ukielewe kwa mizani, mikromoli 1 ikiendelea saa 24 bila kukatika ni takriban gramu 1 ya kaboni kwa mita ya mraba. Sejibrashi wakati wake mzuri hufikia mikromoli chache mchana, na usiku inarudisha sehemu. Kinachobaki mwisho wa mwaka mara nyingi ni makumi ya gramu tu kwa mita ya mraba, na mwaka mbaya alama inageuka.

Mbona grafu inaonyesha hasi wakati mimea inakua vizuri?

Wataalamu wa hewa wanatazama kutoka angani. Hasi maana yake hewa imepoteza kaboni na ardhi imeipata. Wataalamu wa mimea wengine hugeuza alama. Soma maelezo ya jedwali kabla ya kusherehekea.

Mnara "unaona" umbali gani?

Kanuni ya haraka ni mara 100 ya urefu wa vyombo juu ya uoto, upande upepo unakotoka. Vyombo vikiwa mita 2 juu ya vichaka, hesabu mita 200. Duara la nusu kipenyo cha mita 200 lina takriban pikseli 140 za Landsat, ila pikseli mbili tu za mita 250 za chombo cha setilaiti kiitwacho MODIS. Ndiyo maana tepu za kupimia uoto zipangwe ndani ya eneo hilo, zaidi upande wa upepo mkuu. Nimeona taarifa nzuri kabisa ya mnara ikilinganishwa na uoto uliopimwa ng'ambo ya korongo, kwenye udongo mwingine. Kazi mbili nzuri, ulinganisho wa bure.

Ni makosa gani yanawaumiza watu zaidi?

Matatu, na yote ni mabaya zaidi kwenye nchi kavu.

La kwanza ni joto. Hewa iliyopashwa moto na udongo mtupu ni nyepesi, hivyo ndani ya ujazo uleule ina molekuli chache za kila gesi. Chombo kinahesabu molekuli chache za hewa ukaa kwenye hewa inayopanda, kinadhani mimea imezila. Wanasayansi Webb, Pearman na Leuning walionyesha mwaka 1980 jinsi ya kusahihisha. Msituni sahihisho hilo ni dogo ukilinganisha na chenyewe kinachopimwa. Kwenye sejibrashi ya Julai, linaweza kuwa kubwa kuliko jibu lenyewe, kwa hiyo kosa dogo la kupima joto linageuza eneo linalotoa kaboni likaonekana linaipokea.

La pili ni baridi. Vile vyombo vilivyo wazi, ambavyo hewa hupita katikati ya kioo na kioo, hujipasha joto vyenyewe kwa umeme wao. Theluji imefunika kila kitu, nyuzijoto ziko chini ya sifuri, na data inadai vichaka vinafanya usanisinuru kwa raha. Usiikubali.

La tatu ni usiku mtulivu. Bila msukosuko wa hewa, hewa ukaa inayotolewa na udongo hutambaa kufuata mteremko badala ya kupanda hadi kwenye chombo, hasa kwenye mabonde. Nusu saa hizo hutupwa na kujazwa kwa makadirio. Ukisoma jumla ya mwaka, uliza ni sehemu gani ya mwaka iliyopimwa na ipi iliyojazwa.

Kipimo cha kujikagua kipo: joto na mvuke vinavyopimwa na mnara vinapaswa kulingana na nishati ya jua iliyobaki baada ya ile iliyoingia ardhini. Kwa minara mingi duniani hupungua kwa asilimia 10 hadi 30. Ikipungua nusu, kuna kitu kimekaa vibaya.

Mvua moja ya kiangazi inaweza kubadilisha hesabu?

Ndiyo, na mara nyingi kinyume cha watu wanavyotarajia. Mvua ya milimita 5 ikinyesha Agosti kwenye udongo uliokauka kwa wiki nyingi, haifiki kwenye mizizi mirefu ya sejibrashi. Inawafikia vijidudu wa sentimita za juu. Wanaamka, wanakula mabaki ya wenzao waliokufa kwa ukame pamoja na mboji iliyofunguka, na ndani ya saa chache mnara unaonyesha hewa ukaa ikimwagika kutoka ardhini. Mvua imenyesha, ardhi imepoteza kaboni.

Jambo hili linaitwa athari ya Birch, na lina asili ya Afrika Mashariki. H. F. Birch alikuwa akifanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo na misitu ya Afrika Mashariki, na mwaka 1958 alichapisha majaribio ya kukausha udongo na kuulowesha tena. Kila mara, ulipoloweshwa, kuoza kwa mboji kulishika kasi na nitrojeni ikafunguka. Leo hakuna anayechambua data za mnara wa Nevada au Idaho bila kukutana na jina lake.

Ngozi ya udongo nayo inaingia hapa. Ni utando wa bakteria wa kijani-buluu, kuvumwani na mimea midogo inayotambaa kati ya vichaka. Ukavu ukizidi ni mweusi na umekufa kwa macho. Ukimwagia maji unaanza kugeuka kijani ungali umesimama hapo. Ndiyo maana kwenye fomu ya pini haufai kuandikwa "udongo mtupu".

Baada ya moto inakuwaje?

Hapa ndipo uoto na kaboni vinapoachana njia waziwazi. Sejibrashi kubwa haichipui kutoka kwenye kisiki. Ikiungua imekufa, na kurudi kwake kunategemea mbegu zisizosafiri mbali. Juu milimani ndani ya Reynolds Creek, eneo moja lilichomwa kwa makusudi mwaka 2007. Nyasi na mimea ya majani mapana ilirudi upesi, na usanisinuru wa eneo zima ulirudi kwenye kiwango cha kawaida ndani ya miaka michache, wakati vichaka vyenyewe vilikuwa bado. Anayetazama mnara anasema eneo limepona. Anayetazama tepu anasema nusu ya makazi haipo.

Chini kwenye ukame hali ni nyingine. Agosti 2015 moto ulioitwa Soda uliunguza zaidi ya hekta 110,000 mpakani mwa Idaho na Oregon, na uliingia sehemu za bonde hilo. Maeneo ya chini ndiyo yanayonyemelewa na Bromus tectorum: inajaza nafasi kati ya vichaka, inakauka mapema, inabeba moto kutoka kichaka hadi kichaka, moto unaua vichaka, nyasi inarudi nene zaidi. Mizizi yake ni mifupi na hufa kila mwaka. Kwa macho ya setilaiti ya Aprili, mahali hapo panapendeza.

Kaboni yenyewe imehifadhiwa wapi?

Chini ya ardhi, sehemu iliyo kubwa. Chini ya taji udongo una mboji zaidi kuliko kwenye uwazi ulio mita moja pembeni, kwa hiyo sampuli zichukuliwe sehemu zote mbili na zipewe uzito kulingana na asilimia ya uoto. Hapo ndipo tepu na kaboni zinapohitajiana kweli. Pia udongo wa nchi hizi mara nyingi una tabaka jeupe la chokaa, ambalo ni kaboni isiyo ya mboji. Lisipotenganishwa kwa asidi kabla ya kuchoma sampuli maabara, utahesabu mawe kama mboji.

Haya yana faida gani kwa anayefanya kazi Afrika Mashariki au Kongo?

Mbinu ni zilezile. Kuna vipimo vya aina hii kwenye malisho ya Kapiti, Kenya, na Maktau huko Taita Taveta, na mnara wa mita 55 msituni Yangambi, Kongo, ulioanza kazi mwaka 2020. Kapiti na Maktau, kama Idaho, zina uwazi kati ya mimea, joto kali la udongo na mvua za ghafla, hivyo somo la joto na la Birch vinahamia moja kwa moja. Somo la theluji mnaweza kuliacha.

Sina fedha za mnara. Nianzie wapi?

Tepu, pini, fomu moja isiyobadilika, na picha iliyopigwa kutoka nguzo ileile, kuelekea upande uleule, kila msimu. Ukiongeza chemba ndogo ya kufunika udongo yenye kipima hewa ukaa, unaweza kulinganisha chini ya kichaka na kwenye uwazi, kabla na baada ya mvua. Haitakupa hesabu ya mwaka mzima ya bonde.

Data za minara ya sejibrashi zinapatikana?

Ndiyo, kupitia mtandao wa AmeriFlux, ulioanza mwaka 1996. Unajisajili bure na kupakua. Vituo vya Reynolds Creek vina alama zinazoanza na US-R, kwa mfano US-Rws, ulio chini pakavu kwenye aina ya sejibrashi inayoitwa ya Wyoming, na US-Rms, wa milimani. Anza na US-Rws, mwaka mmoja, na uchore nusu saa za Julai peke yake kabla hujagusa jumla yoyote.